Tufunike Tusi, Tusifunike Kilio



Siku hizi, vikundi vyetu vya akiba vikimaliza hesabu ya michango, mazungumzo yanarudia jambo moja: maneno machafu yanayoingia nyumbani kwa njia ya radio, ya telefone na ya bafle za nganda. Bafle la jirani linaanza kupiga saa mbili za asubuhi. Wimbo unakwenda vizuri, halafu katikati inasikika "tiiii": neno moja limefunikwa. Lakini mtoto wa miaka saba anayefagia uwanja analitia neno lile mahali pake, bila kukosa hata silabi. Ndipo mama mmoja wa kikundi akauliza: "Sasa ile tiiii inamlinda nani?"

Swali hilo ni zuri, tena halina jibu la haraka. Kuna wanaosema serikali ipige marufuku nyimbo zote za namna hiyo. Kuna wanaosema dunia imebadilika, tuwaache vijana. Sisi tunaona kuna jambo la kupambanua kwanza. Si kila neno linalotia haya ni tusi, na si kila neno lenye sura safi halina sumu. Mtu akifunika bila kupambanua, anaweza kuacha sumu ipite huku akiziba mdomo wa mtoto anayeomba msaada. Kwa hiyo wiki hii tulizungumze polepole.

Neno linafunikwaje?

Wengi wetu tunadhani kazi hii inahitaji mashine kubwa. Hapana. Wimbo au mazungumzo yakiwa yamerekodiwa, fundi anayafungua kwenye kompyuta, anaona sauti imechorwa kama milima na mabonde. Anatafuta mahali neno lilipo, analichagua, kisha ana njia tatu. Ya kwanza ni kulikata au kulinyamazisha, pabaki kimya kidogo. Ya pili ni kuweka juu yake ule mlio tunaoujua, ambao kwa kawaida ni mtetemo wa mara 1,000 kwa sekunde. Ya tatu ni kuligeuza neno lisikike kinyumenyume, njia inayopendwa na wanamuziki kwa sababu haivunji mdundo. Wasanii wengi hutoa wimbo mmoja kwa sura mbili: moja ya radio iliyosafishwa, nyingine ya intaneti iliyoachwa kama ilivyo.

Matangazo ya moja kwa moja ni kazi nyingine. Radio kubwa za nje zina mtambo unaochelewesha sauti kwa sekunde chache, saba hivi. Msikilizaji akipiga simu na kutukana, mtangazaji anabonyeza kitufe na tusi halifiki hewani. Radio zetu nyingi za jamii hazina mtambo huo. Kinga yao ni kidole cha fundi kwenye meza ya sauti na akili ya mtangazaji. Simu ikianza kwenda vibaya, fundi anashusha sauti, mtangazaji anaomba radhi na kuweka muziki. Lakini neno la kwanza limekwisha kutoka, nalo halirudi.

Tena kuna shida ya lugha. Katika saa moja ya matangazo huku mashariki unaweza kusikia Kiswahili, Kifaransa, Lingala, na pengine Mashi, Kilega, Kibembe au Kifuliru. Fundi anayejua lugha mbili atazuiaje tusi la lugha ya tatu? Tusi likisemwa kwa fumbo ndiyo taabu zaidi, maana kila neno limevaa nguo safi na maana yake iko uchi. Mlio wa "tiiii" haujui mafumbo. Unafunika sauti tu.

Basi jibu la kwanza kwa mama yule ni hili: mlio haumlindi mtoto anayelijua neno tayari. Kwa mtoto asiyelijua, pengine unamfanya aulize: "Mama, wamesema nini pale?" Hata hivyo una kazi yake. Unatangaza mbele ya watu wote kwamba neno hili halistahili kusemwa hadharani. Ni kama kitambaa juu ya chombo: hakibadilishi kilicho ndani, lakini kinamwambia mpita njia kwamba nyumba hii ina adabu.

Nani ana ruhusa ya kufunika?

Nchi yetu ina vyombo viwili vinavyogusa jambo hili. Tangu mwaka 1996 kuna Tume ya Taifa ya Sansuri ya Nyimbo na Maonyesho. Kazi yake ni kusikiliza wimbo na kutazama video kabla havijafika kwa watu, na kutoa au kukataa ruhusa. Chombo cha pili ni CSAC, Baraza Kuu la Redio, Televisheni na Mawasiliano, lililotajwa katika Katiba ya mwaka 2006 na kuwekewa sheria yake ya tarehe 10 Januari 2011. CSAC ina majukumu mawili kwa pamoja: kulinda uhuru wa vyombo vya habari na kuhakikisha vinafuata adabu ya kazi. Inaweza kuonya kituo na kusimamisha kipindi.

Mkono wa serikali juu ya nyimbo ni wa zamani kuliko vyombo hivyo. Wamama wenye umri watakumbuka mwaka 1978, wakati Franco Luambo Makiadi, mkubwa wa TP OK Jazz, alipotiwa gerezani pamoja na wanamuziki wake kwa sababu ya kaseti yenye nyimbo mbili, "Hélène" na "Jacky", zilizohukumiwa kuwa za aibu. Watu husimulia mpaka leo kwamba Franco alijitetea akisema hakuna ubaya ndani yake, ndipo mama yake mzazi akaitwa, akawekewa zile nyimbo azisikilize, na uso wa mama ukatoa hukumu kabla ya hakimu. Iwe ilikwenda hivyo hasa au watu wameongeza chumvi, tunaelewa kwa nini hadithi hiyo haifi. Kila mmoja wetu anajua kipimo kile: je, maneno haya ungeyasema mbele ya mama yako?

Lakini mkono huohuo unaofunika aibu unaweza kufunika na mambo mengine. Mwezi wa Novemba 2021 Tume ya Sansuri ilikataza wimbo "Nini to sali te" wa kikundi cha vijana wa Kinshasa kiitwacho MPR, pamoja na nyimbo za Bob Elvis, mmoja wao ukiwa "Lettre à Ya Tshitshi". Sababu iliyotolewa ni kwamba hazikupitishwa kwanza mbele ya Tume. Wale waliozisikiliza walijua kwamba hazikuwa nyimbo za uchafu wa mwili. Jina la wimbo wa MPR, kwa Kiswahili, ni kama kusema: "Ni nini ambacho hatujafanya?" Ni malalamiko ya watoto waliosoma na hawana kazi, ya raia waliopiga kura serikali moja baada ya nyingine na maisha hayakubadilika. Watu walipaza sauti, na baada ya muda mfupi marufuku juu ya wimbo huo yakaondolewa.

Hapo tunajifunza kupambanua mara ya kwanza. Mtu akisema "tufunge nyimbo chafu," sisi wamama tuulize: chafu kwa nani? Wimbo unaomwita mwanamke nyama ya kuuzwa unaweza kupiga kwenye nganda usiku kucha bila kuguswa, na wimbo unaouliza maji yako wapi ukazimwa kwa siku moja. Tukidai sansuri bila kusema tunadai nini, tunawapa wakubwa kitambaa cha kufunika wanachotaka wao.

Neno safi linaloua

Kuna maneno ambayo hakuna mtu angeyawekea mlio, na bado yamemwaga damu. Jirani zetu wa Rwanda waliyaona hayo. Radio RTLM ilianza kutangaza mwezi wa Julai 1993. Ilikuwa na muziki mzuri, mzaha na watangazaji waliozungumza kama vijana wa mtaani, na watu waliipenda. Ndani ya uchangamfu huo iliwaita Watutsi "mende". Mende ni neno la jikoni. Tunalisema kila siku tukifagia nyuma ya kabati. Lakini mwanadamu akiitwa mende asubuhi na jioni kwa miezi, mikono inazoea wazo la kumponda. Mwaka 1994 mauaji yakaja, na radio ile ikazidi kuyachochea. Mwezi wa Desemba 2003 mahakama ya kimataifa iliyokaa Arusha iliwahukumu wawili wa waanzilishi wake.

Sisi wa mashariki mwa Congo hatuhitaji kuelezwa matunda ya maneno hayo, maana tumeishi nayo tangu wakati huo. Na huku kwetu pia kuna maneno yanayopitishwa kwenye telefone: jirani anaitwa nyoka, kabila zima linaitwa wageni au wachawi, na sauti iliyorekodiwa na mtu asiyejulikana inaruka kutoka kikundi kimoja cha WhatsApp hadi kingine kabla chai haijapoa. Mama anayemchapa mtoto kwa kuimba neno la aibu, kisha jioni anasambaza sauti kama hiyo kwa sababu "ni habari", amefunika kijiko akaacha sufuria ya sumu wazi.

Kwa hiyo kupambanua mara ya pili: tusi la aibu linachafua masikio, lakini neno la chuki linaandaa kaburi. La kwanza linahitaji malezi na adabu ya mtangazaji. La pili linahitaji kukatwa mara moja, na sheria ifuate.

Neno lililokosekana

Sasa tufike mahali pagumu zaidi, na tunawaomba wamama mtusomee kwa uvumilivu.

Mwandishi wa habari Chouchou Namegabe alianza kazi yake katika Radio Maendeleo ya Bukavu miaka ya 1990, na mwaka 2003 yeye na wenzake waliunda AFEM, chama cha wanawake wa vyombo vya habari wa Kivu ya Kusini. Walikuwa wanakwenda vijijini kuwasikiliza wanawake waliofanyiwa ukatili wakati wa vita, na kupeleka sauti zao hewani. Amesimulia kwamba mwanzoni walikwama kwenye jambo ambalo hakuna aliyelifikiria: neno. Katika Kiswahili cha kwetu na katika lugha za nyumbani hapakuwa na neno la kutaja kitendo hicho kwenye radio bila watu kuona kwamba mtangazaji anatukana. Waliosema, walizunguka: "walimharibu," "walimshika," "walimfanyia vibaya." Msikilizaji hakujua kama mama huyo alipigwa, aliibiwa au nini. Ndipo wakachukua neno kutoka Kiswahili cha Tanzania: ubakaji. Wakalisema hewani, wakalirudia, na leo hata mtoto wa shule analijua.

Tufikirie uzito wa jambo hilo. Maelfu ya wanawake walikuwa wameumizwa, na adabu yetu wenyewe, ile tunayojivunia, ilikuwa imewawekea mlio wa "tiiii" katikati ya kilio. Waliowaumiza walinufaika na ukimya huo. Neno lilipopatikana, mtu aliweza kusema kwa polisi, kwa daktari, kwa hakimu: hili ndilo nililotendewa, na lina jina.

Jambo hilohilo liko katika nyumba zetu. Tumewafundisha watoto jina la jicho, la goti na la kidole. Tukifika kati ya kiuno na magoti, tunasema "kule," "kitu chako," au tunamkaripia: "Nyamaza, hayo ni matusi!" Siku mtu mzima anapomgusa mtoto huyo vibaya, atasemaje? Majina anayoyajua ni yale aliyoyasikia kwenye bafle na kwenye ugomvi wa sokoni, na mama alimwambia akiyataja atachapwa. Basi ananyamaza. Au anasema "aligusa kitu changu," na mtu mzima anadhani ni kalamu.

Wauguzi pia wanajua shida hii. Mama mwenye fistula au maumivu ya mlango wa uzazi anafika kituo cha afya akisema "tumbo linauma," anapewa dawa za minyoo, anarudi nyumbani. Hospitali ya Panzi, iliyofunguliwa Bukavu mwaka 1999 na Daktari Denis Mukwege, imepokea wanawake wengi waliokaa na ugonjwa kwa miaka kwa sababu ya aibu. Wazee walikwisha kutuambia: mficha uchi hazai. Anayeona haya kumwonyesha mkunga atapotezaje uchungu?

Kupambanua mara ya tatu ndiko hasa tunakotaka kila kikundi kukuchukua: jina la mwili si tusi. Tusi ni nia ya anayelitumia. Neno lilelile linaweza kurushwa usoni kama jiwe, na linaweza kuwekwa mbele ya daktari kama kidonda kinachotaka dawa. Jiwe tulikataze. Kidonda tusikifunike.

Sauti inayostahili kufichwa

Kuna mahali pamoja ambapo tunaomba radio zifunike zaidi, si pungufu: sura na sauti ya mtu aliyeumizwa. Sheria ya tarehe 20 Julai 2006 juu ya ukatili wa kijinsia inamwagiza mwendesha mashtaka au hakimu kulinda usalama, heshima na maisha ya faragha ya mwathirika, na inaruhusu kesi isikilizwe milango imefungwa yeye mwenyewe akiomba au mwendesha mashtaka akiomba. Ikiwa mahakama inafunga mlango, radio itafunguaje dirisha?

Watangazaji wengi hubadilisha sauti, iwe nzito au nyembamba. Ni vizuri, lakini haitoshi. Jirani hamtambui mama kwa sauti tu. Anamtambua kwa habari: ana watoto watano, anauza ndizi karibu na kanisa fulani, mume wake alikwenda kwenye machimbo. Ukiyataja hayo, umemtaja yeye. Njia ya salama zaidi ni mwanamke mwingine asome maneno yake, na mahali, hesabu ya watoto na kazi viachwe. Kisha mwenye habari asikilize kabla haijatangazwa, na awe na haki ya kusema "hapana" hata dakika ya mwisho. Mtoto aliyeumizwa asirekodiwe kabisa kwa ajili ya radio. Na sisi wenyewe tukipokea kwenye telefone video ya binti anayevuliwa nguo au anayelia, tusiipeleke kwa mwingine hata kama tunataka "watu waone unyama huu." Kila anayeitazama anamvua mara ya pili.

Ndani ya nyumba zetu

Wamama wa nchi nyingine nao walipigana na jambo hili. Mwaka 1985 huko Marekani, kikundi cha wamama wa mjini Washington, mmoja wao akiwa Tipper Gore aliyeshtushwa na wimbo wa Prince katika sahani aliyomnunulia binti yake, walidai wazazi waambiwe kilichomo ndani ya rekodi kabla hawajailipia. Jambo lilifika mbele ya Seneti. Kampuni za muziki zikakubali kuweka alama ya onyo kwa wazazi juu ya jalada. Walipata walichodai, lakini alama hiyo ilihitaji jalada, duka na muuzaji. Mtoto wetu hanunui jalada. Anapewa nyimbo mia kwa kijana wa kona anayejaza kadi za telefone, au anazipokea kwa rafiki bila kulipa franka moja. Onyo lake la pekee ni mzazi.

Kwa hiyo tuanzie hapo. Kadi ya telefone ya mtoto ijazwe mzazi akijua. Si lazima usikilize nyimbo zote mia: mwambie mtoto akutafsirie wimbo anaoupenda zaidi, hasa ikiwa ni wa Lingala au Kiingereza na wewe huielewi. Mtoto anayelazimika kumweleza mama yake maana ya wimbo anajikuta anapambanua mwenyewe, bila kiboko.

Akitaja tusi, usikimbilie kofi, wala usicheke. Muulize amelisikia wapi na anadhani maana yake nini. Mara nyingi hajui. Mweleze kwa maneno machache: "Neno hili linataja mwili wa mtu kwa kumdharau. Mwili wenyewe una jina lake la heshima, ni hili."

Na kuna jambo ambalo vijana wa kiume hasa wanapaswa kulisikia kutoka kwetu. Chunguzeni matusi makubwa ya lugha zetu. Karibu yote yanamtaja mama wa mtu, au sehemu aliyotokea sote kuja duniani. Wanaume wawili wanagombana kwa sababu ya mpira au ya mteja wa motari, na anayevuliwa nguo katika ugomvi ni mwanamke aliyeko nyumbani anapika sombe. Hatutaki mvulana aache tusi hilo kwa sababu radio iliweka mlio. Tunataka aliache kwa sababu amefikiri ni nani anayetajwa. Mwambie hivi tu: "Mama yake ni kama mimi."

Mwisho wa yote, tujisikilize sisi wenyewe. Mtoto anajifunza tusi kwenye bafle, lakini analithibitisha kwenye mdomo wa mzazi. Mwana umleavyo ndivyo akuavyo.

Tuzungumze na radio yetu

Wamama wakienda kituoni kwa kelele, mkurugenzi atawasikiliza kwa adabu na kuwasahau. Tunapendekeza njia hii kwa vikundi:

Kwanza, chagueni kipindi kimoja mnacholalamikia na mkisikilize kwa wiki mbili. Andikeni siku, saa na kilichosemwa. Malalamiko yenye saa na tarehe hayakanushwi kirahisi.

Pili, tenganisheni katika karatasi tatu: matusi na nyimbo za aibu, maneno ya chuki juu ya watu au makabila, na habari zilizomfunua mtu aliyeumizwa. Kila karatasi ina dawa yake, kama tulivyoona.

Tatu, ombeni mambo yanayowezekana. Radio isiyo na mtambo wa kuchelewesha sauti inaweza kurekodi simu za wasikilizaji kwanza na kuzitangaza baadaye kipindi kikiwa na mambo ya moto. Inaweza kuweka nyimbo za watu wazima usiku, watoto wamelala. Inaweza kuwa na mtu wa kila lugha inayosikika hewani, hata kama ni wa kujitolea. Vikundi vyetu vina wamama wa lugha zote hizo.

Nne, msiombe kufunga vipindi vya afya ya uzazi kwa sababu vinataja mwili. Badala yake, ombeni watangazaji wafundishwe majina ya heshima, wayaseme bila kucheka na bila kuzunguka. Mtangazaji akicheka, msikilizaji anajua kwamba ni tusi. Akisema kwa utulivu, msikilizaji anajua kwamba ni mwili wake na unastahili kutunzwa.

Tano, maneno ya chuki msiyasubirishe. Mwambieni mkuu wa kituo siku hiyohiyo, na asiposikia, pelekeni barua CSAC pamoja na siku na saa ya kipindi.

Tunaomba kila kikundi kitenge nusu saa katika mkutano ujao kwa maswali mawili. Ni jina gani la heshima la kila sehemu ya mwili katika lugha zetu za nyumbani, ambalo mama anaweza kumfundisha mtoto wa miaka minne bila haya? Andikeni lugha kwa lugha, mtuletee orodha, tutaziunganisha na kuwapa watangazaji na walimu wa chekechea. Na la pili: ni neno gani la dharau juu ya jirani ambalo sisi wenyewe tumelizoea kinywani, hata hatulisikii tena kuwa ni sumu? Hilo msiliandike. Litajeni ninyi kwa ninyi, mkubaliane liishie hapo.